Siku Niliyowasha Kinu Wakati wa Sala

Jambo la kwanza nililofanya nilipopata kinu changu cha posho lilikuwa la kipumbavu, na nitalisema mwenyewe mapema, maana huku kwetu Manga, milimani Kisii, wapo mabibi wanaolisimulia vizuri kunishinda. Nilikiwasha siku ya Sabato. Saa nne asubuhi. Hatua kama mia mbili kutoka kanisani, na mama yangu mzazi amesimama mbele ya waumini akiomba.

Haya, chekeni mmalize. Nangoja.

Najua nyinyi vijana wa timu ya shule hamkuja kuketi hapa kwa ajili ya unga. Mmekuja kusikia mabao. Mnataka niwaambie nilivyompiga chenga huyu na yule, halafu mwende mkajaribu mvunjike miguu, wazazi wenu waje kwangu na bakora. Mabao nitawatajia mawili matatu njiani, kama chumvi. Lakini mpira nilicheza miaka kumi tu, nao unga nimesaga zaidi ya hapo mara tatu. Hesabuni wenyewe kipi kilinilisha.

Tuanze na uwanja, ndio mpate chumvi yenu.

Uwanja wetu wa shule, enzi hizo za miaka ya hamsini, ulikuwa umelala upande kama ng'ombe anayetaka kusimama. Goli moja liko juu, goli jingine liko chini, na chini ya hilo la chini kuna shamba la chai, na chini ya chai kuna mto. Mpira wenyewe ulikuwa wa majani makavu ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba. Sheria yetu ilikuwa moja tu: aliyeupiga ukapotea, ndiye anayeufuata. Mimi nilikuwa mvivu, mvivu wa kusifiwa. Kwa hiyo nilijifunza kuukalisha mpira chini, karibu na kidole, nisije nikatumwa mtoni. Miaka baadaye magazeti yalisema nina kipaji cha kumiliki mpira. Kipaji gani? Uvivu wa kushuka mlima, basi.

Mama yangu alikuwa shemasi wa kanisa la Wasabato, na nyumbani kwetu Jumamosi mpira haukuwepo duniani. Ijumaa jua likianza kuinama kuni zimekwisha kupasuliwa, maji yametekwa, viatu vimepakwa rangi, na mdomo wangu umeambiwa upumzike. Miguu ikapumzika kweli. Mdomo haukuwahi. Mwalimu alinichapa zaidi kwa sababu ya mdomo kuliko kwa sababu ya hesabu, na hesabu zangu zilikuwa mbaya.

Siku moja bwana mmoja wa kampuni ya Nairobi aliniona nikicheza mjini Kisii. Zamani hizo, vijana, hakukuwa na kulipwa kwa mpira waziwazi. Kampuni ilikuandika kazi, halafu ukaichezea timu yake. Mimi niliandikwa msaidizi wa karani wa stoo. Karani mwenyewe aliniambia siku ya kwanza: "Wewe Mokua, usiguse kitu humu ndani. Kazi yako iko kwa miguu." Nikakaa kwenye stoo ile miaka kumi bila kujua iliweka nini.

Nilipokwenda kumuaga Mama, aliuliza swali moja tu.

"Mnacheza siku gani?"

Nikamjibu, "Siku mbalimbali, Mama."

Siku hizo mbalimbali zilikuwa Jumamosi, na Jumamosi nyingine, na Jumamosi iliyofuata. Miaka kumi. Alikuja kujua, bila shaka. Redio ya jirani haina siri. Lakini hakunigombeza. Alifanya jambo baya zaidi: hakutaja mpira tena. Nikileta blanketi, anashukuru kwa blanketi. Nikileta sukari, anashukuru kwa sukari. Vilikotoka, haulizi. Na kwa sababu mechi zote za maana zilikuwa siku ile, mama yangu hakuwahi kuniona nikicheza hata dakika moja. Maelfu ya watu walijua nilivyokimbia, yeye hajui.

Mtu aliyenisaidia kule Nairobi alikuwa golikipa wetu, Wekesa, mtu mzima mwenye mikono kama majembe. Wengine wakitoka mazoezini kwenda kujionyesha mjini, yeye alikuwa fundi kwenye gereji ya kampuni. Akanishika sikio, kweli kabisa, sikio hili.

"Kijana," akasema, "mguu hauna pensheni. Njoo ushike spana."

Nikaenda nikinuna. Wiki ya kwanza nilimimina maji mahali pa kumimina oili. Wekesa hakunitukana. Alivua kofia, akaiweka chini, akaiangalia kwa muda kama anayeomboleza, kisha akaniambia nifungue injini yote, niipanguse kipande kwa kipande, niifunge tena. Ilinichukua siku nne. Nikaijua dizeli tangu siku hiyo. Kosa ukilisafisha kwa mikono yako halikutoki kichwani. Hilo liandikeni kwenye daftari, sio mabao.

Lakini nitasema ukweli. Wekesa alinifundisha kuwasha injini kama hii ya kinu, ile ya kuzungusha kwa hendeli, siku ya Jumatano. Kuzima alisema tutajifunza Alhamisi. Alhamisi nilitoroka kwenda kunyolewa, maana Jumamosi kulikuwa na mechi kubwa na nilitaka kichwa kionekane vizuri. Mtaona tu kile kichwa kilinigharimu nini.

Goti liliondoka mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nageuka na mpira, nikageuka mimi, goti likabaki linaangalia tulikotoka. Nikatolewa uwanjani, nikakaa hospitali wiki nyingi, kampuni ikanipa mkono wa kwaheri na kiinua mgongo, nikarudi nyumbani nikiwa na kijiti cha kutembelea na suti mbili.

Hapo ndipo mfanyabiashara alipozaliwa, akiwa anachechemea.

Biashara ya kwanza nilifungua pale Keroka: duka la viatu vya kuchezea mpira. Nilidhani jina langu litauza. Watu walijaa kweli dukani, wakanipa mkono, wakaniuliza habari za Nairobi, wakaondoka peku kama walivyokuja, kwa sababu hakuna timu huku iliyokuwa inavaa viatu. Jozi ya kwanza niliuza kwa ndugu wawili. Mmoja alikuwa anapiga kwa kushoto, mwingine kwa kulia. Wakagawana hapo hapo kaunta, kila mtu na kiatu chake, wakaenda wakifurahi. Nikafunga duka.

Biashara ya pili, ndizi za kupeleka Nairobi kwa lori. Hiyo iliuawa na mdomo. Kila lori liliposimama, Keroka, Kericho, Nakuru, mtu ananitambua, "Ni wewe?" nami nashuka kusimulia. Ndizi hazipendi hadithi. Zilifika zimeiva mpaka zikageuka pombe, zikaanza kujinywa zenyewe.

Kilichobaki nilinunulia kinu. Hakikubaki kingine. Kila kitu ambacho miguu yangu iliwahi kuleta kilikuwa ndani ya chuma kile, na kama kingelala, mimi ningerudi kuchuma chai ya watu, kwenye miteremko ambayo goti langu halingemaliza hata mistari miwili. Nilijua hivyo. Kila usiku nilijua hivyo.

Sasa mtauliza: ewe mtoto wa shemasi, umelelewa hapa hapa, ilikuwaje uwashe Sabato?

Ilikuwa hivi. Miaka kumi mwili wangu ulizoea kwamba Jumamosi ndiyo siku ya watu kukusanyika kwa ajili yangu. Nikapiga hesabu: wapi nitapata watu mia tatu waliovaa vizuri, wakipita mbele ya mlango wangu kwa pamoja? Wakitoka kanisani. Nikapanga niwe nimesimama mlangoni na suti, wapite, waone, Jumapili walete mahindi. Kuwasha haikuwa kwenye mpango. Lakini mnajua mtoto aliyenunuliwa viatu vipya usiku anavyoshindwa kungoja asubuhi? Nikasema niguse tu hendeli. Nikaigusa. Nikaizungusha kidogo. Injini ikakohoa mara moja, mara mbili, halafu ikashika.

Nyinyi mmezoea mashine hizi za umeme zinazonung'unika. Ile ilikuwa dizeli, na bomba lake la moshi lilikuwa linapiga mlio wa kusikika hadi Keumbu kama upepo ukitaka. Pu! Pu! Pu! Pu! Nikakimbilia kuzima, ndipo nikakumbuka Alhamisi ile nilikuwa kwa kinyozi. Nikavuta hiki, nikabonyeza kile. Ikaongeza kasi. Nikavua koti la suti nikalitupa juu ya injini, sijui nilidhani italala. Ilikwenda karibu nusu saa, hadi Mungu aliponikumbusha kufunga dizeli.

Walikuwa wameshasikia. Nilipotoka nje nikifukuza moshi, kanisa lote lilikuwa kimya, kimya cha watu wanaongoja mtu aje aeleze. Mama hakuja. Alipita jioni na wenzake, mbele yangu, na kitabu cha nyimbo mkononi, na akasema bila kusimama:

"Mashine yako imeomba na sisi leo. Haikutuachia hata nafasi ya amina."

Jirani mmoja baadaye akanieleza lililoniuma kuliko hayo. Mama alikuwa amesimama kutoa shukrani. Alikuwa anamshukuru Mungu mbele ya watu, kwa mara ya kwanza, kwa ajili ya kazi ya mwanawe, kwa ajili ya kinu. Watu waliona midomo inacheza. Sauti hawakuisikia.

Jumapili sikupata mteja. Jumatatu nikapata mlevi mmoja aliyetaka kujua kama ninasaga pia muwa. Jumanne wanawake wakapita na vikapu vya nafaka kichwani, mstari mrefu kama siafu, wakishuka hadi kinu cha maji cha Mzee Nyambane kule mtoni. Wa mbele alikuwa Mama Kemunto, kiongozi wa kwaya, mama mwenye mwili na ulimi sawasawa.

"Bwakire buya, akina mama!" nikawaamkia kwa Kikisii, kwa heshima zote.

"Mbuya mono," akajibu Mama Kemunto, bila kupunguza mwendo. "Leo mashine haiombi?"

Wote wakacheka. Na wa mwisho katika mstari, na kikapu chake cha wimbi, ule ulezi wetu, alikuwa mama yangu. Mama yangu! Anapita kinu cha mwanawe kwenda kusaga kwa jirani! Hakugeuza shingo hata kidogo, ingawa labda ni kwa sababu ya kikapu.

Nikaamua kwenda kuomba msamaha. Jumatano akina mama walikuwa wanapalilia shamba la mmoja wao kwa zamu, kama ilivyo desturi yetu, leo kwako kesho kwangu. Nikasimama kwenye mpaka wa shamba. Mama Kemunto akaegemea jembe.

"Sema."

"Mama zangu, nimekuja kuungama. Mashine yangu ni ya Kikatoliki, haikujua..."

Nilikuwa nimeandaa mizaha mingine mitatu ya aina hiyo. Mama Kemunto aliinua mkono.

"Mokua. Siku ukiweza kusema neno moja bila kulipaka mafuta ya kuchekesha, njoo. Sisi tupo." Wakarudi kupalilia. Mama alikuwa miongoni mwao, na jembe lake ndilo lililotangulia kupiga ardhi.

Nikashuka mtoni kwa Mzee Nyambane. Sikujua naenda kufanya nini, labda kumlaumu. Nikamkuta ameketi juu ya jiwe akisikiliza gurudumu lake, na foleni ya vikapu imezunguka mti. Kilikuwa kiangazi, mto umekonda, jiwe la kusagia linazunguka kwa huruma. Mteja alikuwa anaacha nafaka leo kuchukua unga keshokutwa.

"Mzee," nikamwambia, "mbona huwaambii waje kwangu? Umezidiwa."

"Nimewaambia," akasema. "Wanasema wewe humheshimu mtu." Akaniangalia goti. "Keti kabla hujaanguka. Unaona ule ubao?"

Akanionyesha ubao unaozuia maji yasiingie kwenye mfereji wa kinu.

"Ijumaa jioni ninaushusha. Mto haujui Sabato, unakuja tu. Kwa hiyo mimi ndiye ninayeujulia siku. Hata Wakatoliki wa ng'ambo ya mto wanangoja Jumapili mchana wakitoka misa. Kinu si chuma, kijana wangu. Kinu ni pahali wanawake wanangojea. Pale kwako wataketi wapi? Maji ya kunywa yako wapi? Umeweka picha yako ya mpira ukutani, nimesikia. Nani atakalia picha?"

Nilitaka kucheka, lakini alikuwa hajamaliza. Alichota unga wa wimbi, akaniwekea kiganjani.

"Sikia. Wa baridi. Mashine yako ikikimbia itauchemsha, na wimbi ukichemka ugali wake, obokima, utakuwa na harufu ya chuma, hata uupike na nini. Mwanamke wa hapa anaujua unga kwa vidole kabla ya mdomo."

Vijana, mzee yule alikuwa mshindani wangu. Angeweza kuniacha nife. Badala yake alinikalisha mchana kutwa akanipa kila kitu alichojua, na hadi leo hii kila ninachokijua kuhusu wimbi ni chake. Wimbi unaanikwa hadi uteleze vidoleni. Unapepetwa mara mbili, maana chembe moja ya mchanga itamvunja mtu jino naye atalitaja jina lako maisha yake yote. Unabadilisha chekeche, unaweka lile la matundu madogo. Unasaga pumba kwanza kuondoa mabaki ya mahindi. Unamimina kidogo kidogo, na injini unaipunguza hadi ukidhani inataka kulala. Unatia mkono kwenye unga kila mara; ukisikia joto, ngoja. Nilimuuliza kwa nini ananisaidia. Akasema magoti yake pia yamekwisha, tofauti yake ni kwamba yeye hakuandikwa gazetini.

Nikatengeneza mabenchi mawili. Nikaweka mtungi wa maji. Picha nikaitoa. Wateja hawakuja.

Basi utundu ukanirudia, maana mtu hawezi kuacha dawa yake moja kwa moja. Shule yetu ya msingi ilikuwa na watoto waliokuwa wanasinzia darasani kwa njaa ya kiangazi, na akina mama wa kanisa ndio waliojitolea kuwapikia uji. Nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikamwambia tuite timu ya Keroka, wale vijana wa malori na wachuuzi wa stendi, waje wacheze na sisi hapa. Kiingilio kisiwe pesa. Kiwe mkebe mmoja wa mahindi au wimbi, wa uji wa watoto. Na mchezaji wa zamani atavaa jezi tena.

"Siku gani?" akauliza mwalimu, akinitazama juu ya miwani.

"Jumapili, mwalimu! Jumapili mchana!"

Mpango wangu ulikuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa mimi niliyedhani ni siri: nafaka itajaa, kinu cha maji hakitaiweza, akina mama hawatakuwa na budi kupanda kwangu. Mama alipoletewa habari alisema tu, "Huyo anatutegea kama kware." Lakini Jumapili hiyo alikuja. Alichota mkebe wake wa wimbi, akaumimina kwenye lundo, akaketi kwenye majani na shali mabegani, katikati ya Mama Kemunto na wengine. Mimi nikiwa kwenye mstari wa kati nikamwona. Nimecheza mbele ya watu wakubwa, wenye magari na bendera. Hakuna aliyewahi kunifanya nifunge kamba za viatu mara tatu.

Nilipanga kucheza dakika kumi. Goti lilikuwa limefungwa kwa kitambaa hadi likafanana na mkungu. Keroka walikuwa na beki mmoja, utingo wa lori, kijana mweusi tititi mwenye mapaja kama magogo, tena anasema sana.

"Mzee, utaomba po saa ngapi?"

"Nikikuchoka," nikamjibu. Nikauweka mpira chini ya unyayo kama zamani, nikaegemea huku nikaenda kule, akabaki anakumbatia upepo. Watu wakapiga vigelegele. Nikatazama upande wa Mama. Hakupiga kigelegele. Lakini alikuwa amesimama.

Basi nikajisahau. Mara ya pili nikajaribu tena kitu kile kile, na utingo alikuwa ameshajifunza. Alikuja na mguu wote. Hakuwa na ubaya. Mpira aliugusa, halafu akanigusa na mimi. Nikasikia goti linasema neno lake la zamani. Nikalala kwenye majani na nikapiga kelele ambayo sikuipanga.

Nilipofungua macho niliona vitu viwili. Mama alikuwa ameingia uwanjani, anakuja mbio, shali limeanguka, na refa anamkimbilia asijue aseme nini. Na kabla hajanifikia, yule utingo alikuwa ameshapiga magoti, ameingiza bega lake chini ya kwapa langu, na mwenzake wa Keroka bega la pili. "Pole mzee, pole, shika hapa, usikanyage." Wakaninyanyua. Mama akasimama hatua tatu kutoka kwetu. Alimtazama yule kijana kwa muda. Sikujua kama atampiga au vipi. Akageuka, akaokota shali, akarudi pamoja nasi polepole hadi kwenye majani.

Wakaniweka pale mbele ya akina mama. Kitambaa kilifunguliwa, goti limevimba. Mama Kemunto akanitazama, na nikajua anangoja utani. Nilikuwa nao, hata sasa ninaukumbuka, ulikuwa mzuri. Haukutoka.

"Mama," nikasema. "Ulikuwa unamshukuru Mungu kwa ajili yangu, nami nikakufunika sauti. Nilikosea. Na nyinyi wote niliwakosea."

Huko nyuma mpira ulikuwa unaendelea, watu wanapiga kelele, sisi hatukusikia.

"Hakuchekesha," Mama Kemunto akawaambia wenzake, kana kwamba mimi sipo. "Mmeona? Hakuchekesha." Akainuka akajipangusa majani. "Kesho asubuhi. Na hiyo benchi iwe imara, mimi si mtoto."

Tulifungwa mawili bila, kwa faida ya wale wanaopenda matokeo.

Jumatatu niliamka jogoo wa kwanza. Nikasaga pumba. Nikabadilisha chekeche. Walikuja wote, na lundo la uji wa watoto likasagwa hadi mchana, injini ikienda kwa adabu. Mama Kemunto alikalia benchi, na benchi likavumilia. Mimi nilikuwa na kijiti changu tena, nachechemea kutoka mdomo wa kinu hadi mfuko, nikishika unga kila dakika kama ashikwavyo paji mgonjwa wa homa.

Mama alikaa kando hadi wengine wakatoka. Halafu akatia vidole kwenye unga wa wimbi. Akausugua. Akaunusa. Akatia kidogo ulimini. Mimi pumzi nilikuwa nimeiweka mahali sijui wapi. Hakusema mzuri wala mbaya. Alijifutia vidole kwenye kanga, akatazama goti langu, akasema:

"Siku ile lilipovunjika kule Nairobi. Nani alikuinua?"

Miaka kumi hakuwahi kuuliza neno la mpira. Nikamwambia, "Watu wawili, Mama. Wa timu ile nyingine. Walinibeba hadi kwenye gari."

"Majina yao?"

"Sikuwauliza. Nilikuwa nalia."

Akafunga mfuko wake wa unga kwa kamba ya mgomba, fundo moja, fundo la pili. Akauinua kichwani mwenyewe, akakataa nimsaidie. Pale mlangoni akageuka, na haya ndiyo maneno aliyosema, sijaongeza wala kupunguza:

"Basi mtu usiyemjua akileta nafaka hapa, msagie yeye kwanza. Huenda ni yeye."